Omena ya Mama na Maktaba ya Bure

Mimi na vitu vya bure hatupatani. Ukininunulia soda bila sababu nitauliza unataka nini. Kwa hivyo nilipopata maktaba ya JavaScript ya kuleta utabiri wa hali ya hewa, yaani msimbo wa kompyuta ulioandikwa na watu nisiowajua ili usihangaike kuongea na seva mwenyewe, nilikaa kwangu Suna nikaisoma faili kwa faili, nikitafuta mahali itakapoiba namba ya mtu. Sikupata kitu. Hilo nalo likanitia wasiwasi.

Niliihitaji kwa ajili ya mama. Yeye huanika omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Rusinga, na omena ikinyeshewa kabla ya kukauka huishia kuwa chakula cha kuku. Nikamtengenezea ukurasa wa simu wenye neno moja tu: ANIKA au NGOJA. Maktaba inabisha hodi kwenye API, huo mlango wa seva ya hewa, inauliza kama mvua inakuja, na ukurasa unamjibu mama. Alifurahi, akawaringia wenzake wote pale ufukweni.

Wiki ya kwanza ilienda salama. Ya pili, ukurasa ulisema ANIKA na mvua ikamwagika saa nane mchana. Mama akapiga simu.

"Nyathina, mtoto wangu, kitu chako kimenidanganya."

Baada ya siku nne, tena.

Si nilisema! Nilipandwa na hasira. Nikaamini maktaba inanipa majibu ya jana, nikaiweka kando, nikaandika ombi langu mwenyewe moja kwa moja kwa seva. Jibu lilelile. Nikaishuku seva. Nikamshuku hata mama, Mungu anisamehe. Nikamuuliza kama kweli huufungua ukurasa asubuhi ama huenda na neno la jana. Akasema ana kazi, akakata simu.

Mtu pekee ambaye sikumshuku ni mimi. Nilipochoka kulaumu, nilichukua namba za latitudo na longitudo za Rusinga nilizoiandikia maktaba kwa mkono wangu, nikazitia kwenye ramani. Zikaangukia Busia, kaskazini mwa Ikweta. Busia! Rusinga iko kusini mwa Ikweta, latitudo yake inaanza na alama ya kutoa, na mimi sikuiweka. Mtu wa Afrika Kusini akiisahau alama hiyo atajikuta jangwani Misri, aone kosa na kucheka siku hiyohiyo. Sisi tunaoishi ubavuni mwa Ikweta tunavuka tu hadi kwa majirani. Joto lilelile, mvua karibu zilezile, nani atagundua? Wiki mbili nzima mama alikuwa anaanika kwa hewa ya Busia.

Nikarekebisha, na kesho yake nikaenda Rusinga kuomba msamaha ana kwa ana. Nilimkuta akijaza omena iliyoharibika kwenye gunia la muuza chakula cha kuku. Nikamweleza yote. Hakunikaripia. Hapo ndipo nikashindwa kujizuia kuuliza.

"Lakini mama, umeanika tangu sijazaliwa. Siku ile ya kwanza hukuona wingu?"

"Niliona," akasema, bila kuacha kujaza. "Lilikuwa limesimama juu ya milima ya Gembe, jeusi. Wenzangu wakakusanya zao, wakaniita na mimi. Nikawaambia mtoto wangu amesema nianike."