Kifuniko cha Jicho la Chini

Ilyasi Bakili ni jirani yangu wa kazi. Yeye ana studio ya picha hapa Mbinga mjini, mimi nina cherehani kwenye baraza ya studio hiyo, na miaka yote hii tumegawana kivuli, chai na umbea. Ni mtu wa maringo. Nasema hivyo kwa mapenzi, lakini nasema. Ukiingia kwake na shati halijapigwa pasi atakutazama mpaka ujishtukie, na ukianza kuulizia picha kabla ya salamu, hajibu.

Maringo hayo yanatokana na kamera. Baba yake, mzee Bakili, alikuja huku kutoka Lindi na marobota ya vitambaa, na ndani ya robota mojawapo ilikuwamo kamera ya macho mawili, moja juu ya jingine, kiboksi cheusi kinachoning'inia kifuani kwa mkanda. Jicho la juu ni la kutazamia tu. Jicho la chini ndilo linalopiga. Mpigaji haiweki usoni. Anainamisha kichwa, anakutazama kwenye kioo kidogo kilicho ndani yake, na anazungusha kitasa mpaka utokeze vizuri. Kwa picha za pasipoti Ilyasi anatumia kamera ya kisasa kama kila mtu. Ila kwa harusi, kipaimara au mtoto aliyefaulu mtihani, anaitoa ile ya baba yake, na ukimwambia ni ya kizamani anakuonyesha mlango.

Usidhani wanaoifuata ni wazee peke yao. Vijana wenye simu nzuri kuliko ya mkuu wa wilaya wanapanda kutoka Mbamba Bay, wamenyoa, wamevaa mashati ya maua, ili wapigwe na kile kiboksi. Niliwahi kumwuliza binti mmoja wanatafuta nini. Akasema kwenye simu anajiona hapo hapo, anajichukia hapo hapo, anafuta. Kwa Ilyasi unapigwa, unaondoka, unasubiri, na picha inapofika umeshasahau ulichokuwa unakionea haya. Kusubiri kwenyewe ni wiki kadhaa, kwa sababu siku hizi filamu inasafishwa Dar es Salaam.

Baba mkubwa wangu, mzee Ildefonsi wa Matiri, alikuwa na sababu nyingine. Yeye simu hakuitaka kabisa. Alisema mtu akikuelekezea simu ni sawa na kukunyooshea kidole, na haiwezekani mtoto amnyooshee mzee kidole halafu aite hiyo kumbukumbu. Wajukuu wakiinua simu, yeye alinyanyuka akaenda zake kwenye mibuni. Mkewe, mama mkubwa Walburga, naye hakukubali kupigwa peke yake kama mjane. Kwa hiyo, ukiacha za vitambulisho, wakazeeka bila picha. Lakini Ilyasi akitaka kukupiga, anainama. "Yule anakusalimu kwanza," alikuwa akisema baba mkubwa.

Walipotimiza miaka hamsini ya ndoa, kahawa ikiwa imeshavunwa, familia ikaamua jubilei ipigwe picha na mpigaji awe Ilyasi. Mimi ndiye niliyempelekea ujumbe. Alifurahi akashindwa kuficha. Alinipa kazi ya kumshonea koti jipya la kijivu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakulalamikia mshono hata mmoja.

Siku yenyewe, baada ya misa, tukapanga viti uani. Hapa naona aibu hata kuandika, japo si mimi niliyeshika kamera. Wajukuu walikuwa wameshatoa simu, wengine wamejibanza nyuma ya mibuni ili babu yao asiwaone. Ilyasi akawaona. Akasimama katikati ya uwanja na koti lake, akasema kwa sauti ya hakimu, "Simu zote mfukoni! Leo mnapigwa picha kama watu."

Mjukuu mkubwa, Glorious, ambaye ni mwalimu huko Ngumbo, akasema kwa adabu kwamba moja tu ya akiba haitadhuru.

"Akiba ya nini, mwalimu?" Ilyasi akamjibu. "Wewe ukipika wali, unasonga na ugali wa akiba?"

Uwanja mzima ukacheka. Glorious akairudisha simu kwenye mkoba. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti.

Basi Ilyasi akainama, akazungusha kitasa, akapiga, akavuta filamu, akapiga tena. Alimaliza filamu nzima kwa wale wazee wawili, na baba mkubwa aliyezoea kukimbilia mibuni alikaa wima kwenye kiti chake mpaka mwisho. Tukala, tukacheza, tukarudi mjini na kuku wa zawadi.

Sasa nieleze habari ya vumbi. Barabara zetu kiangazi unazijua, nguo nyeupe inarudi nyekundu. Kifuniko cha asili cha kamera ile kilipotea zamani, na Ilyasi akatengeneza chake kwa kizibo cheusi cha chupa ya dawa, akabandika ndani kipande cha mahameli nilichompa mimi. Anakivisha jicho la chini peke yake, kwa kuwa ndilo lenye kazi. Kila akianza kupiga anakivua na kukitia mfukoni. Siku ile ya jubilei, muda wa kuvua kifuniko aliutumia kuwakaripia watu juu ya simu. Jicho la juu likamwonyesha kila kitu, safi kabisa, na jicho la chini lilikuwa limefungwa tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Alipomaliza kazi alikikuta kizibo mahali pake pa kila siku, juu ya jicho, akadhani ameshakirudisha, wala hakushtuka.

Fundi wa Dar es Salaam ndiye aliyempigia simu. "Mzee, filamu imetoka tupu yote. Ulipiga kweli?"

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokiona mimi wakati ule ni mtu aliyeacha kugombana na wateja. Mtu mwenye shati la mikunjo aliingia, akapigwa, akatoka bila kusemwa. Nikimwuliza za Matiri, anasema bado, mafundi wana kazi nyingi. Wiki nyingine anasema bado, mashine imeharibika. Akaanza kuingia studio kwa mlango wa nyuma asinipite barazani. Na mimi kwa ujinga wangu nikawa nawatukana mafundi wa Dar es Salaam kwa niaba yake.

Mvua zilipoanza, mama mkubwa Walburga akaugua kifua. Hakukaa sana. Tukamzika.

Msibani waliweka picha ya kitambulisho cha taifa, imekuzwa mpaka uso umechakaa, macho yamemtoka kwa kuogopa ile mashine. Ilyasi alikuja, asingeweza kukosa. Alikaa nyuma kabisa pamoja na wanaume. Kabla jeneza halijatolewa, baba mkubwa akasimama na fimbo yake, akamtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Msiitazame hiyo picha," aliuambia umati. "Huyo siye Walburga. Walburga mwenyewe yuko kwa Ilyasi, tumekaa wote wawili. Mungu ambariki mwana wa Bakili, ameniwekea mke wangu."

Watu wakageuka kumtazama. Baada ya maziko, akina mama wakawa wanampa mkono mmoja mmoja: asante baba, asante sana. Nilimwona akiupokea kila mkono huku ametazama chini, nikadhani ni unyenyekevu, nikajisemea kumbe maringo yameisha.

Aliniambia kesho yake asubuhi, amesimama mbele ya cherehani yangu. Sikumwonea huruma hata chembe. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa, kisha nikafunika cherehani.

"Utakwenda kumwambia mwenyewe," nikasema.

"Naona aibu, Devotha. Sijui nitaingiaje ile nyumba."

"Ione hiyo aibu. Ni yako. Na mimi naona yangu, maana ni mimi niliyekupeleka."

Tulikwenda wote. Tulimkuta baba mkubwa ukumbini na Glorious, aliyekuwa bado hajarudi kazini. Ilyasi alipewa kiti, hakukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeileta?"

Akasema yote bila kuzunguka. Alisema kifuniko, alisema uwongo wa mafundi na mashine, alisema hata ile mikono aliyoipokea msibani. Glorious alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Mimi niliona," akasema. "Lile jicho la chini lilikuwa jeusi tupu. Nilitaka kuuliza, nikaogopa kuchekwa tena."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Katika kile kicheko, changu ndicho kilichosikika kuliko vyote. Ilyasi alifunika uso kwa mikono miwili, mtu mzima mwenye wajukuu, na hakuna aliyemwambia basi.

Baba mkubwa akaiweka fimbo yake kando ya kiti.

"Lakini wewe ulituona," akasema. "Kwenye kile kioo chako."

"Niliwaona, mzee."

"Basi niambie. Mimi nilitazama mbele, kama ulivyoniamuru. Mwenzangu alikaaje?"

Ilyasi akaanza taratibu. Akataja kitenge cha bluu, na rozari aliyoizungusha kiganjani. Akasema kiatu cha kulia kilikuwa kinambana mama, akakivua kwa siri na kukisukuma chini ya kiti. Baba mkubwa akatabasamu kidogo. Alisema ndiyo, viatu vile alivinunua yeye, na alikosea saizi.

"Na uso?" akauliza.

Nilimwona Ilyasi anatafuta uwongo mzuri wa kumpa, kisha nikamwona anauacha.

"Alikuwa anakutazama wewe, mzee. Kila nikiinama nakuta amegeuka, anakutazama wewe, anacheka peke yake. Nikawa namwambia, Mama, tazama huku."

"Akatazama?"

"Alitazama. Nikizungusha kitasa tu, amegeuka tena. Namrudisha. Picha zote ilikuwa hivyo, namrudisha kwanza ndipo napiga."

Baba mkubwa aligeuza kichwa upande ule alikokuwa akikaa mkewe, akakaa hivyo.

"Ungemwacha tu," alisema.