Maana ya Tano ya Neno Moja

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba rafiki yangu, karani mstaafu wa bandari ya Kilindini, amefariki dunia. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Nilitupa konzi zangu tatu za mchanga, nikarudi nyumbani na huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa. Siku tatu baadaye huzuni hiyo iligeuka hasira, na wasomaji wangu wataniwia radhi, kwa sababu bado ninayo ninapoandika haya.

Kazi yake ilikuwa kusimama gatini na kuhesabu shehena inayoshushwa melini. Alizaliwa Mji wa Kale, na Kiingereza chake alikiokota kwenye makaratasi ya meli zaidi kuliko darasani. Alikionea fahari. Watu wa mtaa waliopata barua za ofisini walimpelekea barazani kwake awasomee, naye alivaa miwani taratibu kama kadhi anayetaka kutoa hukumu. Siku moja nilikuwa nimeketi naye alipokuja kuli mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, barua mkononi. Mwenzake alikuwa ameipitia barua yake kwa haraka, akaona neno "discharge", akampa pole kwa kufukuzwa kazi. Karani aliisoma mara mbili, kisha akaangua kicheko.

"Hujafukuzwa, bwana. Wasifiwa hapa! Wasema umetekeleza wajibu wako vyema."

"Lakini mzee, neno ndilo hilo. Wenzangu walipoachishwa kazi waliandikiwa hilo hilo."

"Ndilo. Na meli ikipakuliwa shehena ni hilo hilo, na mgonjwa akiruhusiwa kwenda kwake ni hilo hilo. Wenyewe ndivyo wasemavyo, tufanyeje?"

Yule kuli aliketi chini pale pale kwenye ngazi, akajifuta uso kwa kofia yake, akaomba maji.

Mwaka huu karani alikanyaga msumari alipokwenda Liwatoni kununua samaki. Alikuwa na maradhi ya sukari, kwa hiyo kidonda kikagoma kupona, na mwishowe akapasuliwa mguu katika hospitali moja ya hapa kisiwani. Aliporudi nyumbani nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta ameegemea mto, mguu umefungwa bendeji, uso mkunjufu. Nikamuuliza atarudi lini kwa daktari. Akachomoa karatasi chini ya mto.

"Miadi yangu ni mwisho wa mwezi. Hapa yasema nirudi mara moja nikiona discharge yoyote. Nirudi kufanya nini, na ruhusa nishapewa? Hawa huandika karatasi moja kwa watu wote."

Nikacheka naye. Ile karatasi ilikuwa mbele yangu, ningeweza kunyoosha mkono na kuichukua. Sikuichukua. Nani angemkosoa mtu yule juu ya neno lile? Tukazungumza habari za mtaa, nikanywa kahawa yangu, nikaaga. Siku tano baadaye alishikwa na homa kali, akaanza kuweweseka. Walipomfikisha hospitali, daktari alisema sumu ya kidonda imekwisha kuingia damuni. Hakuamka tena.

Siku ya hitima mkewe aliniita kando, akanipa karatasi ile ile. "Wewe waandika magazetini," akasema. "Daktari alituuliza mbona hatukurudi mapema, na maelezo tulipewa. Nataka kujua, sisi tulikosa wapi?" Niliisoma, na nilielewa kabla sijafika mwisho wa mstari. Neno lile lina maana ya tano: usaha na majimaji yanayotoka kwenye kidonda. Nikamwambia ngoja nikaulize hospitali. Nilisema hivyo kwa kukosa ujasiri tu.

Hata hivyo nilikwenda. Nilipokewa na muuguzi mmoja wa makamo, mtu wa bara kwa asili, mwenye Kiswahili kizuri na adabu. Alimkumbuka karani. Walikuwa wakitaniana kila asubuhi alipokuja kumpima sukari.

"Lakini alielezwa, baba," akasema, akiweka kidole juu ya mstari. "Imeandikwa hapa."

"Yeye alidhani ni habari ya kuruhusiwa. Kama ungemwambia kwa mdomo, ungesemaje?"

"Ningesema, mzee, ukiona usaha, rudi."

"Na mbona hukumwambia?"

Alinirudishia karatasi. "Siku ile waliotoka walikuwa wengi. Na nilijua anasoma Kiingereza. Fomu zote ni za Kiingereza, baba, si mimi ninayeziandika."

Nilishindwa kumkasirikia, na hilo likanizidishia hasira. Katika jengo lile mfagiaji, mpishi, muuguzi, daktari na mgonjwa wote wanasema Kiswahili. Wanasalimiana kwacho, wanabembelezana kwacho, wanaombeana dua kwacho. Likifika jambo ambalo mtu akilikosa atakufa, tunaliandika kwa lugha ya ofisi, tunaweka muhuri, tunasema mtu ameelezwa. Ndivyo ilivyo mahakamani, ndivyo ilivyo kwenye mikataba ya kazi, ndivyo ilivyo kwenye maandishi madogo ya chupa za dawa. Anayedhurika si yule asiyejua Kiingereza kabisa peke yake, maana huyo angalau huuliza. Anayedhurika pia ni yule anayekijua kiasi cha kutouliza, na mimi niliyekijua zaidi nikaona haya kumuuliza.

Nilirudi kwa mjane nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Usaha?" akasema. "Usaha naujua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiupangusa kila asubuhi."

Wakubwa wa hospitali nimewaandikia barua, kwa Kiswahili, na jibu sijapata. Ninyi wasomaji wangu siwezi kuwaomba mngoje jibu hilo pamoja nami. Mkipewa karatasi, iwe ya daktari, ya wakili au ya tajiri wenu, msiondoke dirishani mpaka aliyewapa awaambie kwa mdomo wake imesema nini, kwa maneno yale yale mnayotumia kuombana chumvi mezani. Atakunja uso. Walio nyuma yenu kwenye foleni watanung'unika. Simameni hapo hapo.