Daktari wa Susu Syombua

Pale Zombe, Kathini hakuwa na jina. Alikuwa nalo zamani, kabla kanisa halijamwekea mikono na kumwombea aende Nairobi kusomea udaktari. Tangu siku hiyo mwenye duka, mama muuza nyanya na hata watoto wa chekechea walimwita Daktari. Sasa alikuwa amerudi na sanduku lake, na hakuna aliyejua kwamba Daktari ameacha masomo.

Ilikuwa hivi. Kathini alichukuliwa katika mpango unaofunga pamoja masomo mawili: udaktari wa kutibu watu, na udaktari wa utafiti, ule wa shahada ya uzamivu. Unaanza darasani na wenzako, halafu unatolewa katikati unapelekwa maabara kwa miaka, kisha ndipo unarudi wodini kumaliza. Huko maabara alichunguza sumu ya kuvu, ile ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, ambayo Ukambani kila mtu anaijua na kuiogopa. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini wenzake wakatangulia wodini, wakavaa makoti meupe, wakasahau kumwita hata kwenye chai. Msimamizi wake alikuwa mtu wa safari. Kutwa Kathini alisikia friji tu ikinguruma. Asubuhi moja alijikuta akiiuliza, "Umeamkaje?" na akasimama akingoja jibu. Hapo akajua upweke umemzidi. Angeweza kuomba arudi kwenye masomo ya kutibu tu, lakini moyo ulikuwa umekauka kama mto Thua mwezi wa tisa, mchanga mtupu. Akaaga, akaacha yote.

Alidhani nyumbani atapata watu wa kuongea nao. Kumbe ukiwa Daktari huna marafiki, una wagonjwa. Mwongeli, ambaye walikuwa wakichota naye maji wakiwa wadogo, alikuja kumwona, na kabla hajakaa akamvua mtoto wake shati. "Daktari, niangalilie hivi vipele." Kathini akamwambia apeleke mtoto kliniki. Mwongeli akacheka, akaenda zake, na yale mengine Kathini aliyotaka kumwambia yakabaki kooni.

Susu Syombua, nyanya aliyemlea, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Tangu Kathini arudi, aliacha kwenda kliniki. Siku moja jikoni Kathini akamwona anachechemea, akamvua soksi kwa lazima. Kidole kikubwa cha mguu kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

"Susu, hiki kidonda ni cha hospitali. Leo."

"Si hospitali iko hapa?" Susu akamtazama juu hadi chini. "Imevaa leso yangu na inasonga ugali."

"Mimi si daktari. Niliacha masomo."

"Umechoka tu. Watu wa vitabu huchoka kichwa."

"Niliacha kabisa, Susu. Sirudi. Na huu mguu ukikaa hivi utakatwa."

Susu akasukuma kuni motoni, polepole, moja baada ya nyingine. "Uliwekewa mikono mbele ya kanisa," akasema. "Mimi siwezi kukuvua udaktari hapa jikoni. Kama umeacha, wale waliokuombea waambiwe. Mpaka hapo wewe ni daktari wangu, na mimi sipangi laini kwa daktari wa wengine."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakati wa ushuhuda ulipofika, mzee Ndolo alishukuru kwa ng'ombe wake aliyepotea akapatikana mzima. Watu wakaimba. Kisha Kathini akasimama, na wote wakatabasamu.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Niliacha masomo ya udaktari. Mimi si daktari, na sitakuwa. Susu mguu wake unaoza na amekataa hospitali kwa sababu yangu. Naomba mmwambie aende."

Baada ya ushuhuda watu hupiga makofi, lakini sasa hakuna aliyejua kama huu ni wa makofi. Mmoja akapiga mawili, akaacha. Pasta Musyimi akakohoa. "Tusonge mbele," akasema, "kuna mwingine?"

Mlangoni, ambapo kila Jumapili walimzunguka, leo kila mtu alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba. Mwongeli peke yake alimpa mkono. "Pole, Dak..." akaanza. Akalitafuta lile jina lingine, akalikosa, akamwachilia mkono.

Susu alitembea mbele mpaka nyumbani. Asubuhi Kathini akamkuta langoni, amevaa gauni la kanisa.

"Twende," Susu akasema. "Sasa huna kazi, unaweza kunishika mkono."

Hospitalini daktari alikuwa kijana wa rika la Kathini. Alisema kidole hakitapona ila mguu utapona, wangechelewa siku chache zaidi angesema mengine.

"Susu, nani amekuleta?" muuguzi akauliza.

Susu akageuka kumtazama mjukuu wake. "Kathini," akasema, kama mtu anayeonja chakula alichokula zamani.

Wakamwingiza nyuma ya pazia. Kathini akabaki kwenye benchi, kiatu kimoja cha Susu mapajani. Makoti meupe yalipita, moja likamgusa goti, likaomba msamaha, likaendelea. Mwanamke aliyesimama kando akamuuliza kama laini ya daktari ndiyo hii.

"Ndiyo hii," Kathini akasema, akasogea ampe nafasi.