Alimentation ya Mbuzi Mbili

Wewe unayesoma hii, nakujua. Ukisikia jambo linanuka, unaziba pua na kuendelea na safari yako.

Mwaka 1992 watu wengi wa Bukavu walijua kitu kimoja ambacho kingeokoa mashamba ya familia mia mbili. Walinyamaza. Pengine baba yako alikuwa mmoja wao. Pengine ni wewe mwenyewe: ulipita mtaa wa Muhumba na dosiye yako ya karatasi kwapani, ukaona, halafu ukageuka kutazama ziwa.

Sijasahau hata uso mmoja.

Siku ile tulifungua kompyuta iliyokuwa inatoa moshi, tukakuta ndani yake kipande cha jembe.

Jembe. La kulimia mihogo.

Tulia nikueleze.

Jina langu Modeste. Shule niliishia sixième primaire, darasa la sita. Mambo ya umeme nilijifunza kwa kuunguza radio za watu na kuomba samahani. Wakati ule nilikuwa naongoza komite ya wakulima wa Mumosho, kwa sababu mukubwa mmoja alikuwa amesema vilima vitatu ni malisho ya ng'ombe zake. Jina lake siliandiki, wajukuu wake wana mawakili.

Yeye alikuwa na karatasi zenye muhuri. Sisi tulikuwa na kalinzi.

Asiyejua kalinzi ajue leo. Kwetu Bushi, babu alipopewa shamba alitoa ng'ombe, mbele ya watu. Watu wale hawakutazama kwa mbali. Walimkaribia ng'ombe, wakamshika mgongo, ndipo wakawa mashahidi. Hakuna kilichoandikwa. Karatasi yetu ilikuwa kichwa cha muzee.

Na vichwa vya wazee vilikuwa vinazikwa kila mwezi.

Basi tukaandika. Miaka miwili mimi na daftari, kilima kwa kilima. Masista waliorudi kwao walituachia kompyuta. Adèle, sekretere wa ofisi moja ya mjini, akaiweka nyumbani kwake Muhumba, na kila jioni akitoka kazini alipiga chapa humo maneno ya wazee, mmoja mmoja.

Kisha tukafanya ujinga ambao ni sisi tu, watu wa Zaïre ile, tungeufanya.

Tulichoma madaftari.

Usicheke. Sisi tulikuwa tumekulia katika nchi ambapo karatasi yenye majina ya watu ilitosha kukulaza cachot, mahabusu. Mkono wetu ulikuwa umezoea kuchoma. Tukasema, mashine haina mdomo, askari akija ataona televisheni imezimwa. Disquette ya kuweka nakala? Tutanunua mwezi ujao.

Ikabaki siku kumi na moja tume ya mashamba iketi, iamue vilima ni vya nani. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Uliporudi, ulirudi na hasira. Kompyuta ikalia *pwaa*, harufu ya plastiki ikajaa sebule.

Nikamwita Donatien.

Donatien alikuwa fundi, technicien wa kweli, mwenye atelier, karakana ya kuunganisha vyuma na kutengeneza mashine. Alikuwa kwenye komite tangu siku ya kwanza. Nilimsimamia ndoa. Akaifungua, akapima, akainua kichwa.

"Muko na bahati. Disque dur, ile inachunga maneno yenu, iko muzima. Alimentation njo imekufa."

"Njo" kwetu ni "ndiyo", na alimentation ni kile kisanduku cha chuma nyuma ya kompyuta, chenye ventilateur, ile feni ndogo, kinachopokea umeme wa ukuta, kinaupunguza na kuugawa kwa vingine vyote. Ni tumbo la mashine. Tumbo likioza, kichwa kitafuata.

Tulienda kununua pamoja, mimi na yeye. Pesa yetu, zaïre, ilikuwa inabadilika bei asubuhi na magharibi, kwa hiyo watu wa Mumosho walihesabu kwa mifugo. Muuzaji alikuwa na aina tatu: ya mbuzi mmoja, ya mbuzi wawili, na ya ng'ombe.

"Papa, kamata hii ya mbuzi moja. Iko mupya, iko na carton yake."

Nikaiinua. Nyepesi kama kopo tupu la biskuti.

"Ndani mwake muko nini? Upepo?"

"Iko imeandikwa 250 watts, muzee!"

"Hata miye naweza kujiandika général."

Donatien akacheka mpaka akashika ukuta.

Ya ng'ombe ilikuwa nzuri, lakini sisi si wakubwa. Nikachukua ya mbuzi wawili. Ilikuwa imeandikwa 200 tu, na hilo lenyewe lilinipendeza: aliyeiandika hakuwa mwenye kujisifu. Nikamulika tochi kwenye matundu yake. Nikaona mabamba mapana ya aluminiamu ya kupoza joto, koili nene ya shaba, na makopo mawili makubwa ya kutunza umeme. Tena nikatoa mfukoni taa mbili za gari. Moja nikaifunga kwenye waya nyekundu na nyeusi, nyingine kwenye ya njano na nyeusi, muuzaji akawasha. Zikawaka, zikabaki vilevile robo saa. Sindano ya kipimo cha Donatien haikutikisika.

"Hii," nikasema.

"Hii," Donatien akasema, "njo alimentation."

Nilichagua vizuri. Iandike mahali. Mpaka leo watu wanasema Modeste alinunua takataka.

Mimi nilipaswa kupanda Mumosho kuwaita wakulima. Donatien akasema atakaa nayo atelier, aisafishe, aandae waya.

"Wende tu, grand, kaka yangu. Hii iko mu mikono yangu."

Nikaenda. Ningekosaje kwenda? Ni mtu niliyemsimamia ndoa.

Siku tatu baadaye sebule ya Adèle ilijaa. Wakulima walikuwa wamekataa iwekwe ndani kabla hawajaishika. Maman Domitille, mjane mwenye shamba juu ya mto Ruzizi, alisimama mbele.

"Miye nilitoa kuku yangu nne. Siwezi kuwa shahidi ya kitu sijashika."

Ni kalinzi ile ile, umeona? Kisanduku kikazunguka mkono kwa mkono kama ndama. Kila mmoja anainua, anakubali kwa kichwa, anapitisha. Mkwe wa Domitille, Marcellin, mnunuzi wa dhahabu wa Kamituga, akafumba macho.

"Kilo mbili na kidogo."

"Unapima na mukono?"

"Maman, huu mukono njo unalisha mutoto wako."

Watu wakacheka. Ilikuwa nzito. Nje ilikuwa ileile, na karatasi yake ya kiwanda ileile. Kwenye skrubu Donatien alikuwa amebandika kikaratasi chekundu.

"Garantie," akasema. "Mukiikwangua, muuzaji hatakubali kitu."

Taa zangu za gari zilikuwa mfukoni. Naapa, mkono wangu ulizigusa. Lakini kupima mara ya pili, mbele ya watu, kitu kilichotoka mikononi mwa Donatien? Ingekuwa kumwita mwizi.

Nikaacha.

Kompyuta ikawaka. Watu wakapiga vigelegele. Adèle akaanza kuchapa, printa ya masista ikalia *krrr krrr* kama panya kwenye mahindi. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Domitille alikuwa anazipokea kwa mikono miwili kama hostia.

Ukurasa wa tisa ulikuwa nusu.

*Pah.*

Cheche zikatoka kwenye matundu. Kioo kikawa cheusi. Nilichomoa waya, lakini disque dur ilikuwa tayari imetoa mlio ule wa kukwaruza, kisha ikanyamaza. Haikuamka tena. Mafundi watatu, mmoja mpaka Bujumbura, walisema neno moja: imeungua.

Wazee arobaini na mmoja walikuwa wameshakufa tangu waniambie maneno yao. Siku ile walikufa mara ya pili.

Palepale sebuleni nikasubiri kisanduku kipoe, maana ndani umeme hulala hata ukichomoa. Nikakikwangua kile kikaratasi chekundu. Nikafungua.

Mabamba mapana hayakuwemo. Koili ya shaba haikuwemo. Kulikuwa na kibao kidogo chembamba, cha ile alimentation ya mbuzi mmoja. Na chini, kimefungwa kwa waya na kuzungushiwa mpira, kipande cha chuma.

Domitille akakichukua, akakigeuza. Kilikuwa na matundu mawili ya riveti.

"Hii jembe ni yangu."

"Maman, majembe yote iko sawa," mtu akasema.

"Yote iko sawa kwa yule hajailima. Hii nilipelekea Donatien anichomelee. Akaniambia ilipotea."

Tukageuka wote.

Donatien hakuwemo tena sebuleni.

Nilimkuta atelier, jua la saa nane, anapiga lima, yaani tupa, kwenye mlango wa chuma wa mtu. Hakukimbia. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Aliendelea kupiga lima.

"Uliweka chuma kwa sababu ulijua batainua."

"Niko mutu wa hapa. Najua batu betu."

"Ya kweli iko wapi?"

Akasema, bila kunitazama:

"Umeme ule uliua ordinateur mbili, grand. Ya kwenu, na ya kwa Mukubwa. Miye njo technicien yake. Alisema anataka itumike kabla ya tume. Ile ya ng'ombe, muuzaji alikuwa ameshaiuzisha."

"Kwa hiyo alimentation ya Domitille…"

"Iko inatumika kule. Vizuri sana. Ulichagua muzuri."

Nilikaa chini, kwenye kreti.

"Miye niko na batoto sita. Yeye njo analipa masomo yabo. Weye unalipa nini? Discours za mukutano?"

"Donatien, tangu lini unatumika kwa ule mutu?"

Hapo ndipo aliponitazama. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Kwa huruma.

"Miaka ine. Kila samedi, kila Jumamosi. Napitia mulango ya mbele, na salopette yangu ya kazi. Muhumba muzima banajua. Weye tu njo hukujua. Uliza Adèle."

Nikamuuliza Adèle.

Akakunja kitambaa chake mara nne kabla ya kujibu.

"Papa Modeste, nilikuwa namuona kila samedi. Nilifikiri unajua. Tena sikupenda kugombanisha batu."

Sikupenda kugombanisha batu! Maneno haya yaandikwe juu ya mlango wa mji wetu.

Jumatatu tume iliketi. Mukubwa alileta kurasa sitini, wino mweusi, mistari imenyooka, zimechapwa kwa kuku wa Domitille. Sisi tulileta kurasa nane na nusu. Familia kumi na saba, zile zilizokuwa kwenye kurasa hizo, zilibaki na mashamba. Wengine walipewa mwezi mmoja wa kuvuna. Domitille hakuwa kwenye kurasa nane na nusu.

Sasa mafunzo, maana najua wengine mnatafuta alimentation ya bei nafuu na hamtaki siasa zangu.

Usinunue ya chini kabisa, na usiamini namba iliyoandikwa nje, wino haugharimu kitu. Uzito unasaidia, lakini uzito peke yake ni shahidi wa uongo. Mulika ndani. Ibebeshe mzigo wa kweli robo saa kabla ya kuipa mashine yako. Na ikitoka mikononi mwa mtu, hata ndugu, hata padri, ipime tena mbele yake. Mwaminifu hatakasirika. Na nakala ya kazi yako iweke leo, si mwezi ujao.

Donatien alidanganya watu kwa siku moja. Ninyi mlionyamaza mlimpa miaka minne ya mazoezi.

Msifikiri imekwisha. Mwezi uliopita wajukuu wa Mukubwa walisimika nguzo mpya za mipaka, na safari hii wanataka hata mashamba ya zile familia kumi na saba. Tume mpya inaketi baada ya wiki tatu. Domitille bado yuko hai. Anakumbuka mashahidi saba tu wa kalinzi.

Wengine wako nyumbani mwako, kwenye midomo ya wazee wako.

Kwa hiyo usiniandikie "pole papa". Usinipe kidole gumba. Mpigie mama yako, mpigie shangazi, sasa hivi, ukiwa bado na hasira. Uliza. Kisha andika hapa chini jina la kilima, jina la aliyepewa shamba, na majina ya waliokuwepo.

Andika na jina lako mwenyewe, lote.

Anza.