Suruali ya Kupogolea na Ndoo ya Jiki

Naona haya kuisimulia hii, na hasira bado ninayo, kwa hivyo mkicheka, chekeni kwa adabu.

Kikundi chetu cha chai huku Silibwet kililetewa na fundi mmoja suruali moja ya majaribio, nyepesi, ya manjano, imefumwa kwa nyuzi kama zile za fulana za askari za kuzuia risasi, ili kisu cha kupogolea kikiteleza kisifike mguuni. Wanachama wakiikubali, kila mpogoaji angepata yake, na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa, maana mke wangu Chelangat hupogoa akiwa amejifunga magunia miguuni na ana kovu kwenye muundi, kidonda nilichokifunga mimi mwenyewe kwa leso.

Nikachaguliwa niijaribu mimi shambani, kisha niionyeshe mbele ya wanachama kabla ya kura. Ikashika matope na utomvu wa chai mpaka ikawa nyeusi, na siku ya kuionyesha ilipokaribia nikaona siwezi kusimama mbele ya mama mkwe (naye ni mwanachama) nikiwa mchafu vile, basi nikailoweka kwenye ndoo ya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, siku mbili, nikaianika juu ya mabati wiki nzima, ikatoka inang'aa! (Kibandiko cha maagizo kiunoni nilishakikata kwa mkasi siku ya kwanza. Kilikuwa kinaniwasha.)

Siku yenyewe, kituo cha kupimia majani ya chai kilijaa watu. Nikampa jirani yangu Arap Sang kisu.

"Pitisha hapa kwa paja!"

"Wewe, nitakuumiza bure."

"Pitisha, mzee! Hii kitu ni ya jeshi!"

Akapitisha, tena kwa woga, na suruali ikapasuka kutoka pajani hadi kiunoni, damu ikatoka, chupi nyekundu nje yote, mama mkwe akajifunika uso akaenda zake.

Nikawaka. Nikamgeukia fundi aliyeileta nikamwita mwizi, tapeli, muuza matambara. Yeye akainama tu, akanusa kile kitambaa.

"Mzee, uliosha na jiki?"

Nikaivuta suruali juu kwa mikono miwili.

"Jiki na jua zinakula hizi nyuzi. Iliandikwa kwa kibandiko."

Kicheko kilichotoka hapo sitakisahau. Nikajaribu kueleza kwamba kosa ni langu, kitambaa hakina shida, lakini nani atamsikiliza mtu anayeshikilia suruali kwa mikono miwili? Wakapiga kura, wakaikataa.

Jumatatu Chelangat alikaa mlangoni akijifunga magunia yake, na sikuweza kumtazama. Simchukii Arap Sang wala yule fundi. Nauchukia mkasi wangu. Siku hizi hata soksi ikiingia nyumbani nasoma maagizo kwanza, na kibandiko kiniwashe mpaka kinitoe damu, sikikati tena.