Picha ya Viza na Ng'ombe Mwekundu

Mwezi uliopita pale Garsen, nje ya studio ya picha, nilikuta watu wamejaa mpaka barabarani. Katikati alisimama mama wa Kiorma, mtandio mpya kichwani, mkononi kamba ya ng'ombe mwekundu.

"Mama, picha ya viza ni uso tu," mpiga picha alimsihi. "Ng'ombe hatakiwi."

"Wewe piga sisi wawili. Mwaka jana nilienda Ulaya kuona binti yangu, nikarudi. Sasa viza imekwisha na binti amezaa, naomba ingine. Wale wa ubalozi watauliza tena, nini itakurudisha Kenya? Mara ile nilisema ng'ombe, wakacheka. Leo nataka wamuone."

"Kwani ukisafiri hakuna mwingine wa kumkamua?"

 Mama alimpa kibuyu, akamwonyesha kiwele. Jamaa aliinama tu, teke likarusha kibuyu hadi mlangoni! Tulicheka mpaka machozi. Mama akakiokota, akampapasa ng'ombe mgongo akimwimbia polepole, akakamua, na maziwa yakatiririka.

"Piga sasa! Piga!" tukapaza sauti sote. Jamaa akapiga moja ya uso, na moja ya wote wawili.

Jumatatu hii mama kapita sokoni akipunga paspoti, viza imegongwa. Vigelegele vilisikika mpaka mji jirani wa Minjila.

Mimi kila siku huimba kwamba napenda kwetu. Lakini afisa akiniuliza nini kitanirudisha, sijui nitapiga picha na nani.