Sinema ya mabaharia wa vita ilivyofichua kwa nini baba yangu anaitwa Bakari

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii sikuambiwa na mtu, nilikuwa nimekaa hapo hapo, na mpaka leo sijatulia.

Sisi ni Wakikuyu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya babake. Hiyo haina mjadala.

Sasa baba yangu, first born, mzee wa kanisa hapa Noonkopir, anaitwa Bakari.

Chekeni tu, tumezoea.

Yeye hajawahi kucheka. Alizaliwa Mombasa, wakati guka, yaani babu yangu, alikuwa akifanya kazi huko. Jina la baba ya guka alipewa mdogo wake. Watu wakajijazia wenyewe: huyu ni mtoto wa Mpwani fulani, cucu, yaani nyanya yangu, alirudi naye. Hakuna aliyemuuliza cucu. Baba alikua akisikia minong'ono, na akaiamini.

Kwa hivyo nilipozaliwa, alikataa kunipa jina la guka, Mwaura. Akanipa la baba ya mama, Karanja.

Guka hakulalamika. Ila kila tukimtembelea alinishika mkono na kuuliza naitwa nani. Nilidhani ni uzee. Alifariki nikiwa form two.

Basi Jumapili moja juzi juzi tumemaliza kula kwa baba. Natafuta kitu kwa TV, nikaangukia sinema ya zamani, black and white, ya mabaharia wa meli za mizigo wakati wa vita ya Hitler. Cucu anaishi hapo, na TV huwa haimhusu. Alikuwa anachambua maharagwe.

Meli ikapigwa. Baharia mmoja akavua lifejacket yake, akamfungia mwenzake.

Cucu akaacha maharagwe. "Hivyo ndivyo Bakari alimfungia guka yenu."

Baba akazima sauti. "Bakari gani?"

"Huyo uko na jina lake."



Sisi tulijua guka alibeba magunia bandarini. Kumbe kabla ya kuoa alikuwa akitia makaa kwa boiler ya meli ya mizigo, na meli ikazamishwa. Guka hakujua kuogelea. Bakari, waliyefanya naye kazi, alimpa lifejacket yake, akasema yeye ni mtu wa pwani, ataifikia mashua.

Hakuifikia.

Guka alipooa, alimpelekea babake mbuzi, akamwomba aachie Bakari nafasi yake ya jina. Mzee akakubali. Guka alimsimulia cucu mara moja tu, akalia, akamkataza kuyarudia.

Baba akauliza, kwa sauti ndogo, mbona hata yeye hakuambiwa.

"Hukuniuliza," cucu akasema. "Na guka alikuwa anangoja umzae. Kila akimuuliza huyu jina, alikuwa anataka kusikia lake."

Kwetu kumpa mtoto jina la mtu ni kumzaa mtu huyo. Baba aliingia chumbani akafunga mlango, na tulimsikia akilia. Iliniuma sana.

Funzo ni hili: kama cucu wako yuko hai, muulize yeye, usiulize majirani.

Na mnishauri. Kuna mtu hapa amebadilisha jina kwa ID akiwa na miaka zaidi ya arobaini? Baba ameshaanza kuniita Mwaura, hata mbele ya watu, na mimi bado nachelewa kuitika.

Mkijibu, niiteni hivyo. Nizoee.